Slasha, fleli au mashine ya mkono: ipi ya kufunga nyuma ya trekta lako?

Kila mwaka masika yakikatika, mambo ni yaleyale. Nyasi zimefika kiunoni, vichaka vimejaa kati ya michungwa, vibarua wa kufyeka wamepandisha bei, na trekta limeegeshwa chini ya mwembe likisubiri msimu wa kulima. Mwenye shamba anapiga hesabu, anaona heri anunue mashine ya kufyekea aifunge nyuma ya trekta, aachane na habari za vibarua. Anafika dukani, muuzaji anamuuliza: "Bosi, unataka ya futi tano au futi sita?"

Upana ulipaswa kuwa swali la mwisho. Nimeshinda na mashine hizi huku Muheza na Korogwe, mkoani Tanga, kwenye michungwa, minazi na kati ya mistari ya mkonge, na karibu kila niliyemwona akijutia pesa yake alikosea palepale: alinunua mashine moja kwa kazi mbili. Kufungua pori ni kazi moja. Kutunza shamba lililokwisha kufunguliwa ni kazi nyingine. Ya kwanza unaifanya mara moja. Ya pili utaifanya mara mbili au tatu kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Ukijua ni ipi unayoinunulia mashine, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Vigezo vya kuzipima zote

Unene wa shina. Nyasi zisikutishe, hata zikiwa ndefu. Ingia shambani na panga, tafuta shina nene kuliko yote ambayo mashine itakutana nayo. Mimi hutumia vipimo vya mwilini: kidole gumba, kama sentimita 2, mpini wa jembe, kama 4, kifundo cha mkono, kama 5 au 6. Nitavirudia huko mbele.

Ardhi. Visiki, mawe na vichuguu vilivyojificha ndani ya majani ndivyo vinavyoua mashine, majani yenyewe hayana neno. Shamba jipya lina visiki usivyovijua. Shamba la zamani dreva analijua kama uwanja wa nyumbani kwake.

Trekta ulilonalo. Hospawa iliyoandikwa ubavuni ni ya injini. Inayofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha vifaa, hupungua kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Kwa hiyo Massey Ferguson (MF) 240 yenye kama hospawa 50 inakupa arobaini na kitu, na MF 375 yenye kama 75 inakupa sitini na kitu. Angalia pia pini za mikono ya kunyanyulia: matrekta madogo huwa na pini nyembamba za milimita 22, makubwa milimita 28. Shafti ya PTO yenye meno 6 na unene wa inchi 1 na 3/8 ni ya mizunguko 540 kwa dakika. Ukiona meno 21, hiyo ni ya mizunguko 1,000, na usiifunge kwenye mashine ya 540 hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Mabaki. Unataka majani yasagike yawe matandazo, au hujali yakilala marefu?

Watu walio karibu. Njia ya watoto wa shule, nyumba, barabara, wachumaji walioko mstari wa pili.

Pesa. Ya kununulia, na ile nyingine ambayo haiandikwi kwenye bango: visu, sili, beringi, mikanda, na nauli ya fundi.

Slasha nyepesi

Hii ndiyo watu wengi wanaiita slasha bila kuongeza neno. Bodi ya bati nene la milimita tatu hivi, giaboksi katikati, na chini yake baa au sahani iliyofungwa visu viwili vinavyoning'inia kwenye bolti. Kikigonga kitu kigumu, kisu hujikunja kwenda nyuma, kisha mzunguko unakinyoosha tena. Giaboksi huongeza kasi: PTO ikizunguka 540, visu vinaweza kufika kama mizunguko 1,000 kwa dakika. Kwenye mashine ya futi tano hiyo ni kasi ya karibu kilomita 290 kwa saa kwenye ncha ya kisu. Kiweke akilini kipimo hicho, tutakirudia.

Inachokata: nyasi za aina yoyote, hata mabingobingo, na vijiti hadi unene wa kidole gumba. Ikikutana na mpini wa jembe mara mojamoja itaumeza. Ukiilisha mipini ya jembe kutwa nzima, giaboksi itakudai.

Trekta: ya futi tano inatosheka na hospawa 30 hadi 35 kwenye PTO. Uzito wake wa kilo 250 au 300 hivi haulisumbui trekta dogo.

Mabaki: majani hulala kwa mafungu, marefu kiasi. Kwenye minazi na michungwa hayana ubaya. Uwanjani yanaonekana vibaya.

Watu: hapa ndipo pabaya. Kitu kinachozunguka kwa kilomita 290 kikigonga jiwe, jiwe halitui miguuni pako. Vitabu vingi vya mashine hizi vinataka watu wakae umbali wa kama mita 100, na sikuona hata siku moja kama wanazidisha. Minyororo ya mbele na nyuma si mapambo. Ikikatika, nunua mingine kabla ya kuendelea.

Pesa: ndiyo rahisi kuliko zote, na fundi yeyote wa mjini anaweza kuifungua. Beringi na sili zake nyingi zina namba za kawaida. Ukienda na ya zamani mkononi Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, hutarudi mikono mitupu. Ugumu uko kwenye kraunwili na pinioni, zile gia mbili za ndani, za giaboksi lisilojulikana limetoka wapi. Muulize muuzaji hizo kwanza.

Niseme kidogo juu ya bolti. Kati ya trekta na giaboksi, slasha nyingi huwa na bolti moja laini iliyowekwa ikatike: visu vikikwama ghafla, bolti inakufa ili giaboksi lipone. Dreva wetu mmoja alichoka kuibadilisha. Siku moja akatoa bolti ngumu kwenye boksi la vifaa vya lori, akaifunga, akaniambia, "Mzee, leo haikatiki." Na kweli haikukatika. Kesho yake alipanda juu ya kisiki cha mwarobaini kilichofunikwa na majani. Tukasikia mlio kama gogo linapasuliwa kwa shoka, halafu kimya, PTO inazunguka na visu vimesimama. Tulipoinua mashine, oili nyeusi ilikuwa inachuruzika kwenye nyasi na ganda la giaboksi limepasuka kutoka bolti moja hadi nyingine. Meno matatu ya pinioni tuliyaokota ndani kama punje za mahindi. Tangu siku hiyo pakiti ya bolti laini inakaa chini ya kiti cha dreva, na ufunguo wake umefungwa na waya palepale.

La pili ni kamba. Huku kwetu kamba za katani zimetupwa kila mahali, na vipande vya waya. Vikiingia chini ya slasha hujiviringisha kwenye shafti ya chini ya giaboksi, vinabana, vinapata joto, vinakata oili sili. Oili inavuja kidogokidogo bila mtu kuona kwa sababu iko chini ya bodi. Kila jioni inua mashine, weka magogo au stendi chini yake kabla hujaingiza mkono, ukate kwa kisu cha mkononi kamba zilizojiviringisha kwenye hiyo shafti. Dakika tano tu.

Inamfaa: mwenye shamba lililokwisha kufunguliwa, trekta la hospawa 40 hadi 55, na dreva anayevijua visiki vyake.

Slasha nzito

Kwa mbali ni ileile. Isogelee utaona tofauti: bati la milimita 5 au 6, giaboksi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, sahani ya duara chini yake ya kuteleza juu ya visiki, na mara nyingi klachi ya kuteleza badala ya bolti.

Inachokata: mipini ya jembe kutwa nzima, na vifundo vya mkono ukienda taratibu. Zipo zilizoandikwa sentimita 10. Mimi hizo huzisoma kama hospawa za ubavuni: ni kweli, lakini si kila siku.

Trekta: futi sita inataka hospawa 60 au zaidi kwenye PTO. Uzito wa kilo 450 hadi 600 unalitaka trekta liwe na vyuma vya mbele, la sivyo ukinyanyua mashine kwenye mteremko usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, na magurudumu ya mbele hayasikii amri.

Kwenye slasha nzito, angalia sana klachi ya trekta lako. Yale yenye klachi ya hatua moja husimamisha PTO na magurudumu pamoja. Ukikanyaga ukitaka kusimama, visu vizito vinaendelea kuzunguka kwa nguvu zao na kuisukuma giaboksi ya trekta, nalo linakwenda mbele wakati wewe unataka lisimame. Dawa yake ni kaplingi ndogo inayofungwa kwenye shafti ya PTO na kufanya kazi kama friwili ya baiskeli: trekta linazungusha mashine, mashine haiwezi kuzungusha trekta. Si kitu cha bei kubwa. Kama trekta lako ni la zamani na hujui klachi yake, inunue tu.

Mabaki: makubwa zaidi, na vigingi. Hapa niseme kuhusu vichaka vya mkulagembe, mathenge na ndugu zao wa miiba. Slasha nzito itaviangusha vizuri sana, na baada ya hapo itaacha vijisiki vilivyochongoka kama mikuki, tayari kwa tairi zako. Isitoshe, mkulagembe huchipua kutoka kwenye mizizi. Ukiufyeka mara moja ukaondoka, utarudi ukute machipukizi mengi kuliko ulichokata. Mathenge nayo huchipua kisikini bila aibu, waulize wa Baringo na Tana River kule Kenya. Mimea ya aina hiyo inataka kung'olewa au kupakwa dawa kisikini mara tu baada ya kukatwa. Mashine peke yake itakupa kazi ya kudumu.

Watu: hatari ileile ya mawe, na kipande cha mti juu yake. Wakati wa kiangazi ongeza moto: kisu kikigonga jiwe kwenye nyasi kavu, cheche hazichagui shamba la nani. Tunabeba pipa la maji na matawi mabichi.

Pesa: zaidi sana ya ile nyepesi, lakini hesabu haiishii dukani. Inataka trekta kubwa, dizeli nyingi kwa saa, na dreva mwenye subira. Faida yake ni kwamba imejengwa kuvumilia makosa. Ikitunzwa, mtu anaweza kuirithisha.

Inamfaa: anayefungua mashamba yaliyotelekezwa, ranchi, mashamba makubwa ya mkonge, na anayekodisha kwa majirani.

Fleli

Badala ya visu viwili vinavyozunguka kama feni ya dari, fleli ina rola ndefu iliyolala, imefungwa visu vidogo au nyundo nyingi kwa mistari, na inazungushwa na mikanda kwa kasi ya kama mizunguko 2,000 kwa dakika. Kila nyundo inapiga, inajikunja, inarudi. Visu vyenye umbo la Y ni vya nyasi. Nyundo nzito ni za vijiti na matawi ya kupogolea. Ukinunua, sema unataka zipi, kwa sababu nyingi zinakuja na Y.

Inachokata: nyasi kwa ustadi mkubwa, vijiti vya kidole gumba, na kwa nyundo nzito hadi mpini wa jembe. Nyasi zilizokuzidi kimo huzikaba. Hapo itabidi upite mara mbili, ya kwanza ukiwa umeinyanyua.

Trekta: kwa upana uleule inataka nguvu zaidi ya slasha nyepesi, futi tano hesabu hospawa 40 hadi 50 kwenye PTO. MF 240 itaiendesha, lakini kwenye kilima utaisikia ikilalamika.

Mabaki: hapa haina mpinzani. Matawi ya michungwa yaliyopogolewa ukiyapanga katikati ya mstari, fleli inayageuza vipande vidogo vinavyooza shambani. Huhitaji vibarua wa kuyabeba kwenda kuyachoma.

Watu: inatupa vitu kidogo na chini, kwa kuwa rola imefunikwa na mapigo yake yanaelekea ardhini. Haimaanishi usimame nyuma yake. Lakini kando ya njia ya watoto wa shule au karibu na madirisha ya kioo, mimi sitapitisha slasha. Nitapitisha fleli.

Kuna jambo la fleli ambalo wenye miti ya matunda wasilipite haraka. Zipo zinazosogea pembeni kwa haidroliki, nusu mita au zaidi kutoka katikati ya trekta. Mchungwa uliokomaa unainamisha matawi hadi magotini. Trekta haliingii chini yake bila kuvunja matawi na kumkwaruza dreva, na slasha iliyo katikati inaacha duara la majani kila shina, duara ambalo utalifyeka kwa mikono. Fleli ya kusogea inaingia chini ya matawi trekta likiwa nje. Sisi tulikuwa tukilipa vibarua kufyeka maduara hayo kila baada ya slasha kupita, na kila mwaka nilikuwa naiita slasha "rahisi".

Pesa: ghali kuliko slasha nyepesi ya upana huo. Nyundo ni nyingi, kwa hiyo zikiisha unanunua nyingi, na ikipotea moja unabadilisha na ile iliyo upande wake wa pili ili rola isitetemeke. Rola ikitetemeka beringi za pembeni hufa kwa zamu. Mikanda inataka kukazwa na kubadilishwa ikiwa jozi. Waya wa uzio ukiingia humo, siku hiyo kazi imekwisha. Utakaa chini na kikatio hadi jioni.

Inamfaa: mwenye michungwa, miembe au parachichi anayepogoa kila mwaka, shule, hoteli na viwanja, malisho ya ng'ombe wa maziwa yanayotaka kukatwa sawasawa.

Mashine ya mkono

Ni fleli ndogo kwenye ncha ya mkono wa chuma unaojikunja, yenye pampu yake na tangi lake la oili ya haidroliki. Umeziona kando ya barabara kuu. Inafika mtaroni, inafika ng'ambo ya ukuta wa miti, inapunguza uzio wa michongoma kwa juu na ubavuni. Kwa vijiti vya mpini wa jembe inafanya kazi vizuri. Mabaki husagika kama ya fleli.

Inataka trekta zito, lenye tani tatu na kuendelea, kwa kuwa mkono ukinyooka pembeni unalivuta lilale. Inataka pia dreva aliyefundishwa, anayeweza kuangalia mbele na pembeni kwa wakati mmoja bila kugusa waya za umeme. Bei yake inazizidi hizo tatu kwa mbali, na mipira ya haidroliki ikipasuka unamwaga oili barabarani. Inamfaa mkandarasi wa barabara, mashamba makubwa yenye mitaro na njia nyingi, na wenye uzio wa miti wa kilomita kadhaa. Mwenye ekari 30 za minazi anayeitaka, ninamshauri aione ikifanya kazi, apige picha, arudi nyumbani.

Ambazo hazimo kwenye mashindano haya

Mashine za kukatia majani ya hei, yaani ya kukaushwa kwa ajili ya mifugo, za msumeno au za ngoma, zinauzwa jirani na slasha na zinafanana bei. Ni za majani peke yake, tena ya shamba safi. Kijiti kimoja cha mpini wa jembe kinazitosha. Kwa upande mwingine kuna mashine za misitu zenye meno ya kudumu kwenye rola, zinazosaga mti mzima. Hizo nyingi zinataka hospawa 100 na kuendelea. Kama unayo kazi yake, mkodi mwenye nayo.

Hesabu ya muda, ili habari ya upana iishe

Chukua slasha ya futi tano, yaani mita 1.5, trekta likienda kilomita 5 kwa saa. Ni mita za mraba 7,500 kwa saa. Toa moja ya tano kwa kugeuza na kurudia mistari, zinabaki 6,000, ambazo ni kama ekari moja na nusu. Ya futi sita, kwa mwendo uleule, inakupa ekari 1.8 hivi. Kwa shamba la ekari 20 ni saa 13 na nusu dhidi ya saa 11 na robo. Hiyo futi moja unayoililia imekuokolea saa mbili na kitu, kwa trekta lenye nguvu ya kuizungusha bila kupunguza mwendo. Kama trekta linazidiwa ukashuka hadi kilomita 4, futi sita inafanya ekari 1.4 na kitu, na ya futi tano imekupita.

Fleli ya futi tano kwa kilomita 3 na nusu inafanya ekari moja na kidogo kwa saa. Ekari zile 20 ni saa 19 na zaidi. Lakini weka pembeni gharama ya vibarua wa kufyeka chini ya miti na kubeba matawi, halafu ndipo ulinganishe. Kwenye vichaka, mashine yoyote itashuka hadi kilomita 2 au 3, na hapo hesabu zote zinabadilika.

Ukinunua iliyotumika

Iinue, ikalishe juu ya magogo, zima trekta, utoe ufunguo. Shika kisu ukinyanyue juu na chini: shafti ya giaboksi ikicheza, beringi zimekwisha. Tazama bati linalozunguka giaboksi. Welda nyingi hapo zinamaanisha imepigwa visiki hadi bodi ikapasuka. Rangi mpya hapo tu, mahali pengine ya zamani, ni jibu tosha. Pima shafti ya PTO: vipande viwili vikivutwa hadi mwisho wa kazi lazima viendelee kuingiliana angalau theluthi, na kifuniko chake cha plastiki kiwepo chote. Nguo ikinaswa na shafti isiyo na kifuniko, mtu hapati muda wa kupiga kelele.

Visu vilivyochongwa mtaani kwa chuma cha springi za gari vipo vizuri na vipo vya kuua. Kilichochovywa majini vibaya hukatika kama biskuti, na kwa kasi ile hutaki kujua kimeelekea wapi. Ukivinunua, viweke viwili kwenye mizani ya duka. Vikipishana uzito, kimoja kisagwe hadi vilingane. Na makali yake yasiwe ya wembe. Kisu cha slasha kinapiga zaidi ya kinavyokata, ukikichonga chembamba kinakatika vipandevipande.

Mwisho, iwashe ifike 540, watu wote wakiwa mbele ya trekta na mbali. Ukihisi mtetemo kwenye kiti, shusha bei au ondoka.

Kwa hali yako

Una ekari 10 hadi 30 za minazi, mikorosho au michungwa iliyokwisha kufunguliwa, na trekta la hospawa 50: slasha nyepesi ya futi tano itakutosha miaka mingi. Wenye mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 wana nafasi ya kugeuza wanavyotaka. Wamalize kufyeka kabla korosho hazijaanza kudondoka, kwa sababu korosho iliyofichwa na majani inaokotwa na mwingine.

Unapogoa kila mwaka na matawi yanakusumbua, au matawi ya chini yanakuzuia kuingia: fleli ya kusogea pembeni, yenye nyundo, hata kama itabidi usubiri msimu mmoja ukusanye pesa.

Umerithi au umenunua shamba lililolala miaka kumi: usinunue chochote bado. Kodi slasha nzito pamoja na dreva wake, shamba lifunguliwe, visiki vikubwa ving'olewe au viwekewe alama za rangi. Baada ya hapo tembea tena na panga uone umebaki na unene gani. Wengi hukuta sasa wanahitaji nyepesi tu.

Una ranchi, au trekta la hospawa 75 na majirani kumi wanaokuomba kila wiki: slasha nzito inaweza kujilipa kwa kukodisha. Andikianeni nani anabadilisha kisu kikivunjika shambani kwa mtu. Vyama vya msingi vya wakulima vinavyonunua kwa pamoja vianze na swali la dreva kabla ya mashine, maana mashine ya watu wote yenye madreva watano haimalizi mwaka.

Uko karibu na nyumba, shule au barabara: fleli, na kazi ifanyike asubuhi kabla watu hawajaanza kupita.

Una zabuni ya kusafisha kando ya barabara: mashine ya mkono, baada ya mkataba kusainiwa, si kabla.

Na kama una chini ya ekari tatu, trekta liache chini ya mwembe. Mashine ya kufyekea ya mgongoni na kijana mmoja mwenye miwani ya kukinga macho watalimaliza shamba lako kwa siku chache, na petroli yake unaibeba kwa kidumu cha lita tano.